Chumvi ya Saa Moja

Gari namba tano lilikuwa limeegeshwa kwenye uwanja wa Hospitali ya Njiapanda tangu saa tano na robo, na ndani yake Atuganile Sanga alikuwa akimsimulia mgonjwa wake habari za bata wa jirani. Mgonjwa hakusikia neno. Alikuwa mtungini, kwenye baridi kali, moyo wake ukidunda mara moja kwa dakika, midomo imekuwa ya bluu. Atu alikuwa na desturi ya kuongea nao wote. Akiulizwa, alisema kukaa na mtu mchana kutwa bila kumsemesha ni utovu wa adabu, hata kama mwenyewe yuko nusu ya njia ya kaburini. Ukweli ni kwamba hakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye.

Zamani gari la wagonjwa lilikuwa na watu wawili, dereva na mhudumu. Waligombana, wakataniana, wakagawana mihogo ya kuchemsha. Siku magari yalipojifunza kujiendesha, madereva wakaambiwa asanteni. Mhudumu akabaki na gari lisilojua hata kusema "pole".

"Basi yule bata dume," Atu alimwambia mgonjwa, "akaingia jikoni kwangu kama mkwe."

Mgonjwa aliitwa Sekela Kiswaga, miaka ishirini na minne. Mashine ya kuchuma chai ilikuwa imempasua tumbo. Atu alimlaza mtungini pale pale shambani, akaweka vidole viwili shingoni mwake, akasubiri. Saa nne na nusu kamili asubuhi mapigo yaliachana kwa dakika nzima. Aliandika saa nne na nusu. Hakuongeza, hakupunguza.

Nje upepo wa Makambako ulikuwa ukifanya kazi yake ya siku zote, kuhamisha vumbi jekundu kutoka upande huu kwenda ule. Dirisha likagongwa. Alikuwa Gaitan Mlelwa wa gari namba nne, mkono mmoja chupa ya chai, mkono mwingine vikombe viwili vya bati. Alitabasamu na kuviinua vikombe avione.

Atu alitikisa kichwa bila kuteremsha kioo. Mlelwa alisema kitu, upepo ukakichukua. Akasimama kidogo, kisha akainama chini ya dirisha, akainuka na kurudi garini kwake.

"Huyo," Atu alimwambia Sekela, "ni mwongo mwenye moyo mzuri. Wabaya zaidi ni hao."

*

Mtungi ulikuwa na jina refu la kitaalamu, limeandikwa kwenye kifuniko kwa herufi za Kizungu, na hakuna aliyewahi kulisoma hadi mwisho. Watu waliuita mtungi kwa sababu uliweka kitu baridi kisiharibike, basi. Ulimpoza mtu aliyeumia mpaka moyo ukazama, na toka hapo alikuwa na dakika mia tatu. Akipashwa joto ndani ya mia tatu, daktari wa upasuaji akiwa pembeni, aliamka na maumivu yake yale yale. Zikipita, moyo ukipashwa haukubali tena.

Ulipoletwa, ilitangazwa kwamba hakuna atakayefia njiani. Ikawa kweli. Wakaanza kufia uwanjani. Idara ya Dharura ilikuwa na vitanda sita vya kupashia, na kwa kuwa mtu wa mtungini halii wala hatoki damu, kumwacha nje asubiri kulionekana si ukatili. Magari yakajipanga uwanjani, kila moja na namba yake, mbele yao mstari mpana wa njano. Wa nje hawakuuvuka kuingia ndani, na wa ndani hawakuuvuka kutoka. Mgonjwa alivuka peke yake, juu ya magurudumu, akiwa ameitwa.

Mashine ilijua kila kitu isipokuwa kimoja: moyo umezama saa ngapi. Vipimo vyote vilidanganywa na baridi. Kazi hiyo ikaachiwa vidole viwili vya mhudumu, na saa aliyoiandika ndiyo iliyopanga foleni. Aliyebakiwa na dakika chache aliitwa kwanza.

Penye foleni, binadamu hakosi ujanja. Mhudumu mmoja, na hakuna anayemkumbuka, aliandika kwamba moyo ulizama saa moja kabla ya saa yenyewe. Mgonjwa wake akaitwa mapema. Wa pili akaona, wa tatu akaona, na kabla ya mwaka kwisha uwanja mzima ulikuwa unatia chumvi ya saa moja. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alikuwa na mtu mmoja tu mbele yake, na mtu huyo alikuwa na mama.

Atu peke yake hakutia. Babu yake alikuwa mpima mahindi sokoni asiyepunja mtu, na alizikwa na watu wengi kuliko diwani. Wenzake kwanza walimcheka, wakamwita Mtakatifu, halafu wakaacha hata kumcheka. Maongezi yalikatika alipokaribia. Miaka minne sasa alikuwa akila chakula chake garini, kioo kimepandishwa, akiwasimulia watu wasiosikia habari za bata.

Mlelwa ndiye pekee aliyeendelea kumfuata. Wiki iliyopita alikuja kuomba wanywe chai, na Atu akamjibu kwa ukali ambao hata mwenyewe ulimshangaza: "Siku utakayoandika saa ya kweli, ndiyo siku tutakayokunywa chai."

*

Saa nane na nusu sauti ilitoka kwenye vipaza: gari namba nne lijiandae, kitanda kitakuwa wazi saa tisa kasoro dakika tano. Gari namba tano, saa tisa na dakika thelathini na tano.

Atu alitazama saa. Mia tatu za Sekela zilikuwa zinaisha saa tisa na nusu.

Alishuka akakimbia hadi kwenye mstari wa njano, mahali palipokuwa na dirisha la kioo kinene na tundu la kusemea. Nyuma ya kioo aliketi Sista Eda Luhwago, sista wa mlango, mwanamke wa miaka hamsini na ushee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Walikuwa wamefahamiana kwa miaka minne kupitia tundu lile, na hawakuwahi kupeana mkono.

"Sista, mmekosea. Wangu anaisha saa tisa na nusu. Mmenipa kitanda dakika tano baadaye."

"Kwa hesabu yangu anaisha saa kumi na nusu."

"Hesabu gani hiyo? Nimeandika saa nne na nusu."

"Najua ulichoandika." Sista Eda alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni. "Nimeongeza saa moja. Nawaongezea wote."

Atu alimkazia macho.

"Usiniangalie hivyo, dada Atu. Mwezi wa tatu niliwapokea watu watatu kwa saa zenu. Tulipowafungua, kila mmoja alikuwa na saa nzima mkononi. Wa nne nyuma yao saa yake ilikuwa ya kweli. Alikuwa binti wa miaka kumi na sita. Nilimpasha mwenyewe kwa mikono hii, nikangoja, na moyo haukukubali. Tangu siku ile natoa chumvi yenu kabla sijaonja."

"Mimi sijawahi kutia. Hata siku moja."

"Kila mmoja wenu huniambia hivyo, na kwa sauti hiyo hiyo."

Atu alihisi machozi ya hasira yakimjia. Miaka minne. Miaka minne ya kula peke yake, na huku ndani ukweli wake ulikuwa ukisahihishwa pamoja na uongo wa wengine, bila hata kubaguliwa. Wangu wangapi, alijiuliza. Wangapi waliokawia kwa sababu mimi nilisema kweli?

"Basi mtoe Mlelwa," alisema. "Mweke wangu saa tisa kasoro tano, yeye achukue cha baadaye. Yeye ametia, mimi sikutia. Wake ana saa nzima zaidi, hatadhurika."

"Umejuaje?"

"Mwenyewe kaniambia."

Sista Eda alivaa miwani yake. Kalamu ilikuwa tayari mkononi. "Kakuambia leo?"

Kulikuwa na nafasi ndogo hapo, pana kiasi cha mtu kuvuta pumzi moja. Mlelwa alikuwa amemwambia mara nyingi, juzi, mwezi jana, akicheka, akijitetea. Leo hakuwa amemwambia chochote, kwa kuwa hakufunguliwa kioo. Lakini leo kuna tofauti gani na jana? Mtu hula ugali kila siku, na siku usiyomwona akila huapi kwamba amefunga.

"Leo," Atu alisema.

Sista Eda aliandika.

*

Sekela alivuka mstari saa tisa kasoro dakika tano, magurudumu yakilia juu ya saruji. Mlango ulimmeza. Atu alibaki amesimama, mikono mitupu, akajisikia mwepesi kama mtu aliyetua ndoo. Alikuwa ameokoa mtu. Hilo lilikuwa kweli na litabaki kuwa kweli.

Mlelwa alikuja akitembea haraka, bila kukimbia.

"Dada Atu. Kumetokea nini? Walikuwa wameniita mimi."

"Wamebadilisha. Wewe ni saa tisa na thelathini na tano."

"Haiwezekani. Wangu anaisha saa tisa na kumi."

"Saa kumi na kumi, Gaitan. Mimi sio sista, mimi unaniambia nini?"

Mlelwa hakucheka. Uso wake ulikuwa umepauka chini ya vumbi. "Saa tisa na kumi. Leo sikutia. Niliandika nne na dakika kumi, na ilikuwa nne na dakika kumi. Ndiyo maana nilikuletea chai."

Upepo ulipita katikati yao.

"Wamenibadilisha kwa nini?" Mlelwa aliuliza. "Kuna mtu kawaambia kitu?"

Atu aligeuza macho kuelekea tundu la kusemea, na hilo likatosha. Mlelwa aliushika mkono wa shati la Atu kidogo tu, kama anayetaka kuhakikisha kitambaa, kisha akauachia.

Saa tisa na dakika mbili Atu alikuwa tena kwenye tundu la kusemea.

"Sista, nilikosea. Mlelwa hakutia chumvi leo. Wake ana dakika nane. Mtoe daktari aje uwanjani, tumpashe hapa hapa."

"Daktari havuki mstari bila saini yangu kwamba saa imekwisha."

"Basi tia saini."

"Kwa neno la nani?" Sista Eda hakuinua sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nusu saa iliyopita nilikuuliza leo, ukanijibu leo. Sasa mgonjwa wako yupo kitandani, na mwenzako amekuja kukulilia. Unataka nikuamini lipi?"

"Hili."

"Kwa nini hili?"

Atu alitafuta. Alitafuta kwa dhati, kama mtu anayepapasa funguo mifukoni, na hakupata kitu. Kitu pekee alichokuwa nacho kwa miaka minne kilikuwa neno lake, na hakujua kwamba kilikuwa kimoja mpaka alipokitumia vibaya.

"Ndani nina watu sita waliopashwa nusu, na madaktari wawili tu," Sista Eda alisema. "Nikimtoa mmoja kwa chumvi, nitakayemuua yupo hapa mbele yangu. Rudi garini kwako."

*

Waliufungua mtungi wenyewe, saa tisa na dakika nane, kwenye dakika ya mia mbili tisini na nane. Waliunganisha nyaya za magari mawili ili joto litoshe. Mgonjwa aliitwa Ombeni Nyagawa, mwalimu wa kwaya. Jukwaa lilikuwa limeporomoka wakati wa mazoezi na ubao ukampiga kifuani. Karatasi za nota zilikuwa bado zimekunjwa kwenye mfuko wa shati lake, Mlelwa akazitoa zisiloane, akaziweka juu ya kiti.

Walifanya kazi vizuri. Hilo liandikwe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeliona. Kwa miaka minne Atu hakuwa amefanya kazi na mtu ubavuni, na mikono yake ilikumbuka. Alinyoosha kiganja bila kutazama, Mlelwa akaweka kilichotakiwa. Saa tisa na dakika kumi na tisa moyo wa Ombeni Nyagawa ulikubali. Ukapiga, ukapiga, ukashika mwendo.

"Haya, mwalimu," Mlelwa alisema. "Haya, twende."

Lakini moyo ukishaamka, damu nayo huamka, na ndani ya kifua kile palikuwa na mshipa uliopasuka ambao vidole vya mhudumu havifiki. Hiyo ni kazi ya daktari, na daktari alikuwa hatua arobaini kutoka pale, nyuma ya mstari wa njano. Atu alikandamiza. Mlelwa alimwongezea damu mpaka mifuko ikaisha. Saa tisa na dakika ishirini na tisa mwalimu alifumbua macho, akatazama dari la gari, midomo ikajiweka kama anayetaka kuanzisha wimbo. Sauti haikutoka. Baadaye hakukuwa na kitu cha kufanya.

Saa tisa na dakika thelathini na tano vipaza viliita: gari namba nne, kitanda kiko wazi. Waliita kwa wakati kabisa.

Mlelwa alikaa kwenye ngazi ya gari, kishikwambi mapajani. Fomu ilikuwa imejifungua yenyewe. Moyo ulizama saa ngapi. Mtungi ulifunguliwa saa ngapi. Nani aliruhusu.

"Nikiandika nne na kumi, wataisoma tano na kumi," alisema, na alikuwa kama anasema na magoti yake. "Wataona nimefungua saa nzima kabla, bila ruhusa. Watasema nimemuua mimi." Alijipangusa uso kwa bega. "Ningetia chumvi leo, ndiyo wangesoma ukweli. Si ajabu hiyo? Mke wangu nilimwambia asubuhi. Nikamwambia, leo najaribu kufanya kama yule dada."

Atu aliinama mbele yake. Alitaka kuomba msamaha, na neno likaonekana dogo mno, kama kumfunika maiti na leso.

"Nipe," alisema.

Mlelwa alimpa.

Atu aliandika saa nne na dakika kumi. Aliandika saa tisa na dakika nane. Kisha akashuka hadi kwenye nafasi ya maelezo, ambayo watu huiacha wazi, na akaandika polepole, akisahihisha nukta zake kama mwanafunzi:

"Mimi, Atuganile Sanga wa gari namba tano, saa nane na nusu na dakika chache nilimwambia sista wa mlango kwamba Gaitan Mlelwa amezidisha saa. Niliulizwa kama aliniambia leo. Nilisema leo. Hakuwa ameniambia. Nilisema hivyo ili mgonjwa wangu apate kitanda cha mgonjwa wake. Saa aliyoandika Mlelwa ni ya kweli."

Akaweka kidole gumba chake. Kishikwambi kiliuliza kama ana uhakika. Akaweka tena.

Nyuma ya kioo Sista Eda alisoma. Alisoma mara ya kwanza haraka, kwa desturi, na mkono wake ukaenda kwenye kalamu, kwa desturi vilevile. Ukasimama hapo. Alisoma mara ya pili akifuata mistari kwa ukucha. Alipoinua uso, miwani yake ilikuwa na ukungu.

"Hii naiamini," alisema kupitia tundu.

Hakupunguza chochote. Mtu anapojishtaki mwenyewe, hapana cha kupunguza.

"Sekela?" Atu aliuliza.

"Anapumua mwenyewe. Ameomba maji."

"Mwambie," Atu alianza, kisha akaacha. Sekela hakuwa amefanya kosa lolote kwa kuwa hai.

Leseni yake, kifaa kidogo kilichoning'inia kiunoni, ilizimika saa kumi kasoro robo, kwa mlio mdogo wa adabu. Gari namba tano, ambalo halikuwa na mhudumu tena, lilijiwasha, likarudi nyuma taratibu, likageuka na kwenda zake kituoni. Gari namba nne lilifuata, Mlelwa ndani yake akiwa ameshika karatasi za nota. Alipita karibu. Kioo chake kilikuwa kimepandishwa.

Pale gari namba tano lilipokuwa, kwenye ukingo wa saruji chini ya mahali dirisha lake lilipokuwa, palikuwa na kikombe cha bati. Mlelwa alikuwa amemmiminia na kumwachia, asubuhi ile alipoinama. Chai ilikuwa imepoa zamani, na upepo ulikuwa umeifunika kwa utando mwekundu wa vumbi.

Atu aliketi kwenye ukingo. Alikiinua kikombe kwa mikono miwili, akainywa yote, baridi yake na vumbi lake, akaona ilikuwa imetiwa tangawizi.